Pima kamera kwenye TV kabla ya kununua kapcha kadi

Ukitaka kutumia kamera yako ya picha kwenye Zoom badala ya ile ya laptop, kupitia kapcha kadi (kifaa kinachoingiza picha ya kamera kwenye laptop), chomeka kamera kwanza kwenye TV kwa waya wa HDMI. Angalia tundu la kamera: mara nyingi ni mini au micro. Iweke kwenye video, uiache dakika 30 bila kuigusa. Unachokiona kwenye TV ndicho watakachokiona wenzako, kwa sababu kapcha kadi haisafishi kitu, inapokea tu kinachotoka kwenye kamera. Ukiona alama ya betri, namba za ISO au kile kiboksi cha fokasi kinachokufuata usoni, vizime kwenye menyu. Kwa Sony ni HDMI Info. Display. Visipozimika, usitupe hela yako kwenye kapcha kadi. Kamera ikijizima, ondoa mpangilio wa kulala. Betri ikiisha, nunua betri bandia yenye waya wa umeme (inakaa mahali pa betri na kuvuta umeme wa ukutani), ya modeli hiyohiyo ya kamera.

Jambo ambalo TV haitakuonyesha ni picha kuchelewa nyuma ya sauti ikipita kwenye kapcha kadi. Hapo jaribu kuchomeka maiki kwenye kamera yenyewe ili sauti na picha vipite njia moja, kisha chagua kapcha kadi kuwa maiki ndani ya Zoom.