Kung'oa fremu ya plastiki ya tangi la samaki bila kuliharibu

Kabla hujashika wembe, pima kioo. Fremu ya juu si urembo: ndiyo inayovizuia vioo viwili virefu visitune maji yakijaa. Maji yakiwa na kina kirefu yanasukuma zaidi, na kioo kikiwa kirefu ndivyo kinavyotoa kitumbo katikati. Tangi la sentimita 60 kwa 30, kimo 30, lenye kioo cha milimita 5, linabeba lita 54 na linaweza kukaa bila fremu. La kioo cha milimita 3 liache lilivyo. Ukikuta plastiki inayokatiza mdomo wa tangi katikati, kutoka mbele kwenda nyuma, ujue aliyelitengeneza aliona kioo peke yake hakitoshi. Tangi hilo usiling'oe fremu mpaka fundi aluminiamu akukatie mikanda miwili ya kioo, upana sentimita 5, ya kubandika kwa ndani mbele na nyuma.

Fremu ya chini usiiguse kabisa. Kwenye matangi mengi ya dukani kioo cha chini hakigusi meza, uzito unashukia kwenye ile plastiki ya pembeni. Ukiitoa, tangi linakalia kingo tupu za kioo, na punje moja ya mchanga inaweza kuanzisha ufa.

Andaa nyembe mpya tano za kukwangulia zenye mpini, koleo kali la kukatia, glavu nene, miwani, spiriti, siki, na msasa wa maji namba 220 na 400. Bisibisi iache ndani. Ndiyo inayomega vioo vya watu.

Hamisha samaki, mwaga maji, weka tangi juu ya blanketi. Kama umekuwa ukitumia maji ya visima vya Mzakwe, hapa Dodoma, chini ya mdomo wa fremu utakuta ukoko mweupe mgumu kama chokaa. Wembe ukipita hapo unateleza au unavunjika ncha. Lowesha tishu kwa siki, zungushia juu ya ukoko, acha nusu saa, futa, suuza. Ukiweka tangi juani saa moja plastiki inalegea kidogo, lakini usimwagie maji baridi kioo kilichopata joto.

Anza kwa nje. Laza wembe ugusane na kioo, uingize kati ya kioo na plastiki kutoka chini kwenda juu, kisha usogeze kando polepole. Silikoni, ile gundi iliyoshika fremu, inakatika kwa ulaini, kama mkate. Ukisikia mkwaruzo mkavu, wembe umegeuka na unachora kioo. Zunguka pande zote nne, badilisha wembe ukiona unalazimisha. Halafu fanya hivyo hivyo kwa ndani, ila ukifika sentimita 2 kabla ya kila pembe simama.

Pembe ndiyo kazi yenyewe. Hapo silikoni ya fremu imeungana na ile inayoshikilia kioo kwa kioo, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Wembe ukizama milimita chache kwenye kiungo, tangi litavuja, pengine si leo. Kwa hiyo usikate pembe: kata plastiki kwa koleo katikati ya kila upande, vuta kila kipande kuelekea pembeni na juu, na uache pembe zing'oke mwisho, ukigusa kwa wembe pale tu plastiki inapogoma. Kama kiungo kimeguswa, usipake silikoni mpya juu ya ya zamani, haishiki. Kwangua ya ndani yote kwenye pembe hiyo, futa kwa spiriti, ndipo upake upya.

Nunua silikoni ya vioo inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo inaua samaki. Silikoni hii hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu mno. Wanaodhani jua litaiharakisha wanakosea. Ipe wiki nzima kivulini.

Baada ya kukwangua mabaki, kingo zitakuwa kali na pengine zimemegeka, kwa kuwa kiwandani walijua zitafichwa. Piga msasa ukiwa umelowa, namba 220 kisha 400, kwa mshazari mdogo. Usipige mkavu: vumbi la kioo si la kuvuta.

Jaribio lifanyike nje, mahali tambarare. Tandika gazeti kavu kuzunguka tangi, tone moja litaacha doa. Jaza robo, subiri saa kadhaa. Jaza nusu, lala. Kisha jaza hadi sentimita 5 kutoka juu, uache saa 48. Laza rula ndefu kwenye kioo cha mbele. Kitumbo cha milimita 1 kinavumilika. Kikifika 3, punguza maji na ubandike ile mikanda.

Tangi lisilo na fremu halina pa kushikia kifuniko, na upepo wa huku unakausha maji haraka. Kila unapojazia ya bomba, chumvi inabaki na kuongezeka, hivyo jazia ya mvua kama umeyahifadhi. Wavu mwembamba juu unapunguza vumbi, na unazuia samaki wanaoruka.