Picha za nyota za ufukweni Mwanza: kutunza na kusafisha
Piga kwa RAW (faili ghafi ya kamera), si JPEG (picha iliyobanwa). RAW ya biti 14 hubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG 256 tu, na nebula hafifu (mawingu ya gesi na vumbi angani) huishi kwenye tofauti hizo ndogo. Kabla hujaondoka ufukweni, funika lenzi upige picha 20 za giza, kwa muda na ISO (mpangilio wa usikivu wa kamera kwa mwanga) zilezile za picha za nyota. Usingoje kesho nyumbani: joto la sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) likibadilika, chenga (vidoa vidogo visivyotoka angani) hazitalingana na za picha za nyota.

Nakili kadi kwenye diski mbili. Picha 100 za MB 25 ni GB 2.5. Umeme ukikatika katikati, faili huweza kuharibika, hivyo usifute kadi mpaka ufungue picha kadhaa kutoka kila diski.

Kwenye Siril, programu ya bure, tumia picha za giza kuondoa chenga, panga picha ili nyota zilingane, kisha zirundike, yaani ziunganishe kuwa picha moja. Picha 16 hupunguza chenga mara 4. Taa za jiji huacha wekundu upande mmoja wa anga. Uondoe kabla ya kukuza mwanga, la sivyo nao utakuzwa. Nyota zilizovimba kama pamba ni umande wa ziwa ulioshika lenzi. Picha hizo zitoe kabla ya kurundika, hata kama inauma.