Kujaribu Kanuni za Mchezo wa Vita wa Mezani: Shambulio la Lugalo, 1891

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, msafara wa jeshi la Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski ulivamiwa na wapiganaji wa Kihehe waliokuwa wamejificha vichakani. Askari wengi walipata nafasi ya kupiga risasi moja au mbili tu kabla ya kufikiwa na mikuki, na Zelewski mwenyewe akauawa; lakini kikosi cha nyuma, chini ya Luteni von Tettenborn, kilishika kilima na kunusurika. Kwa mtunzi wa kanuni za mchezo wa sanamu ndogo, hivi ni vipimo viwili vya siku moja, kwa sababu kanuni zilezile zinapaswa kuvunja sehemu ya mbele ya msafara na kuupa mkia wake nafasi ya kupona.

Hatua ya kwanza ni kukata kipande cha pambano. Msafara mzima ulikuwa na mamia ya askari na wapagazi, na Wahehe walikuwa maelfu, kwa hiyo usijaribu kuuweka wote mezani. Mimi hutumia michezo miwili midogo ambayo kila sanamu ndani yake ni mtu mmoja: wa kwanza una askari 30 njiani dhidi ya wapiganaji 90, na wa pili una askari 12 kilimani dhidi ya wapiganaji 60. Idadi hizo ni zangu, za kufanyia majaribio.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kupiga hesabu kwa kalamu kabla ya kurusha dadu hata moja. Tuseme risasi humpata mtu dadu ikionyesha 5 au 6, mpiganaji hukimbia sentimita 15 kwa zamu, na askari hufyatua kila zamu baada ya adui kusogea. Wapiganaji wakianzia sentimita 45 kutoka njiani, watafika katika zamu ya tatu, baada ya kupigwa mara mbili. Bunduki 30 huangusha watu 10 kila mara, kwa wastani, hivyo wataanguka 20. Ikiwa kanuni yako ya ujasiri inasema kundi hurudi nyuma likipoteza moja ya tano, yaani watu 18 kati ya 90, shambulio litashindwa na Lugalo yako itakuwa kinyume cha Lugalo yenyewe.

Hapa ndipo mtunzi hushawishika kuwaongezea wapiganaji ujasiri, mpaka wavumilie hasara ya theluthi moja. Mchezo wa kwanza utatoka sawa, lakini upeleke ujasiri huo kilimani. Wapiganaji 60 wanaoanzia sentimita 75 watapigwa mara nne kabla ya kufika, na bunduki 12 zitaangusha wastani wa watu 16, pungufu ya 20 wanaohitajika kuwarudisha, kwa hiyo kikosi cha nyuma kitaangamia. Tokeo la kwanza lilikuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Rudisha moja ya tano, kisha ongeza kanuni moja tu: askari aliyeshtukizwa njiani hupoteza zamu nzima akijiweka tayari kufyatua. Mbele wataanguka wapiganaji 10 na shambulio litafika, ilhali kilimani, ambako askari walikwisha kujiandaa, mpigo wa tatu utatimiza watu 12 na kulizuia shambulio. Kilichoamua siku ile ni muda, na ni muda ambao kanuni zako zinapaswa kuubeba.

Hatua ya tatu: cheza kila mchezo angalau mara kumi, kwa sababu wastani huficha dadu mbaya na dadu nzuri. Andika katika daftari zamu ya mgusano, walioanguka kila upande, na kila mahali uliposimama kufikiri kanuni inasema nini. Usibadilishe kanuni mbili kwa pamoja. Ukifanya hivyo hutajua ipi ilileta tofauti.

Wapagazi nao wawekwe mezani tangu jaribio la kwanza. Wengi wao walikufa siku hiyo, na si haki kuwafanya pambo la njia. Wape kanuni yao: wanatupa mizigo, wanatafuta upenyo wa kukimbilia, na wakikimbia huwazuia askari walio karibu kulenga. Katika majaribio yangu kanuni hii ilipunguza mipigo ya askari kuliko nilivyotarajia, ikanibidi kurudia hesabu yote ya hatua ya pili.

Mwishowe wakabidhi kanuni hizo wachezaji wawili ambao hawajawahi kukusikia ukizieleza, kisha kaa kando ukiwa kimya. Wakikuuliza jambo, andika swali na uwaombe waamue wenyewe kwa kusoma. Baada ya mchezo mmoja wabadilishane pande. Swali lililoulizwa na pande zote mbili ndilo la kurekebisha kwanza, kabla ya kugusa namba yoyote.