Somo: Upinde wa mti, kazi ya mzazi na mtoto

Somo hili ni la upinde wa aina moja tu: wa mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili, wa mti mmoja usioungwa, wa kulenga gunia uani. Wa kuwindia haumo humu, na aliyeuliza nimemjibu huko chini.

Mkianza, msifanye ule mtindo wetu wa baba anachonga na mtoto anashika tochi. Atachoka kabla kazi haijakolea. Zana zenye makali ni za mzazi, hilo halina mjadala. Lakini kwenye upinde kuna kazi inayotaka jicho kuliko nguvu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Hiyo mpe yeye. Tutaifikia.

Huku kwetu Karatu, ukishuka kuelekea Ziwa Eyasi, unawakuta Wahadzabe, na mtoto wao wa kiume hupewa kaupinde kake akiwa bado mdogo sana. Upote wao, yaani kamba ya upinde, ni wa kano za mnyama, na fimbo ya mshale huipasha moto kisha huinyoosha kwa meno. Kisu na shoka ndizo zana kubwa. Nayataja haya kwa ajili ya yule anayesubiri kwanza anunue mashine.

Hatua ya 1: Mpime mtoto kabla ya kupima mti

Mtoto atanue mikono yote miwili. Pima kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ya mkono wa pili, kisha gawa kwa 2.5. Jibu ni umbali atakaovuta. Binti yangu ana sentimita 135, kwa hiyo anavuta 54. Upinde uwe mara mbili ya hapo, uongeze sentimita 15 za kishikio: kwake ni kama 123. Mrefu kidogo si neno. Mfupi ndio unaovunjika.

Uzito wa kuvuta kwa umri huu ni kilo 5 hadi 7. Mzazi wa kiume hasa ajizuie hapa, maana kila mmoja anataka mwanawe avute kama askari. Upinde mzito humfundisha mtoto kukunja bega na kufumba macho, basi.

Hatua ya 2: Mti

Mimi natumia mkole. Tunda lake watoto hulichuma njiani, gamba lake ni kamba tosha, na tawi lake likipindwa hurudi. Tafuta mche au tawi lililonyooka, unene wa sentimita 4 hadi 5, lisilo na vifundo wala kujisokota. Kujisokota kunaonekana kwenye mistari ya gamba: ikizunguka mti badala ya kwenda sawa, achana nao. Kama hujui mti fulani una tabia gani, kata kitawi chake chembamba, kikunje, ukiachie. Kikibaki kimekunjika, endelea kutafuta.

Usikate mti usioujua. Miti ambayo wawindaji huichemsha kupata sumu ya mishale inaota humuhumu vichakani, na wenye utomvu mweupe kama mnyaa unaweza kuumiza macho vibaya. Shambani kwa mtu omba ruhusa, na msitu wa hifadhi si wa kuingia na panga.

Kata urefu unaozidi kipimo kwa shubiri moja, ili ncha zikitoa nyufa uzikate. Paka rangi au gundi kwenye ncha zote mbili siku hiyohiyo, kwa sababu maji hukimbilia kutokea huko na mti hupasukia huko.

Hatua ya 3: Kuchonga umbo na kukausha

Upinde una pande mbili. Mgongo ni upande unaotazama shabaha. Tumbo ni ule unaokutazama wewe. Mgongo hauchongwi. Menya gamba taratibu, kwa kidole na kijiti butu, uache mbao ya chini yake nzima bila mkwaruzo, kwa sababu ukivuta upinde ni mgongo unaonyooshwa, na uzi mmoja wa mti uliokatwa pale ndipo mpasuko unapoanzia. Kumenya ni kazi ya mtoto, na mti ukiwa mbichi huifurahia.

Kuchonga kote ni tumboni. Weka alama katikati, acha sentimita 10 za kishikio, halafu punguza kwa panga au randa kutoka hapo kwenda kila ncha. Karibu na kishikio bakisha unene wa sentimita 1.5, kwenye ncha 1. Upana uanze sentimita 3 na kumalizikia 1.5. Usichonge zaidi ya hapo sasa hivi.

Ufunge kwenye ubao ulionyooka, uuweke kivulini penye hewa. Juani utapasuka, na juu ya dari la bati ni vilevile. Je, utajuaje umekauka? Pima uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni na mtoto aandike kwenye daftari. Namba ikiacha kushuka, tayari.

Hatua ya 4: Kusawazisha

Pinde nyingi zinazoishia jikoni huishia hapa. Lengo ni mikono miwili ya upinde, wa juu na wa chini, ipinde sawasawa, bila sehemu iliyokakamaa na bila sehemu iliyovunjika shingo.

Kata vikato viwili karibu na kila ncha, ubavuni na si mgongoni, vya kushika upote. Funga kamba iliyolegea. Simamisha ubao ukutani, kishikio kikae juu yake, kisha pitisha kamba ya kuvutia kwenye pete iliyo chini. Mimi navuta nikiwa pembeni, binti anasimama hatua kadhaa mbele ya ukuta. Nimechora mistari ya chaki ukutani, ya kulala, ili aone ncha ipi inashuka haraka kuliko mwenzake.

Hiyo ndiyo kazi yake. Mzazi aliye karibu na upinde haoni vizuri, tena mikono inamwasha achonge. Mtoto aliyesimama mbali anaona. Anasema, "Baba, wa kushoto mgumu pale katikati," anakuja na penseli anapaka papo hapo, nami nakwangua palipopakwa tu.

Ukitaka jicho lake liwe na ushahidi, mpe kijiti kilichonyooka cha sentimita 15. Funga upote sawasawa, upinde ukunjike kidogo na ubaki hivyo. Yeye atembeze kijiti tumboni kutoka kishikio hadi ncha. Mwanya kati ya kijiti na mbao ukiwa uleule njia nzima, mnaenda vizuri. Mwanya ukitoweka, hapo pamekaza, paka penseli. Ukipanuka ghafla, hapo panapinda mno: usipaguse tena, punguza kwingine kote mpaka pafanane.

Kanuni ni mbili. Kila ukikwangua, vuta polepole mara ishirini kabla ya kuangalia tena, kwa sababu mti huchelewa kuonyesha ulichoufanyia. Na ukiona kasoro, usivute mbele zaidi hadi uiondoe. Ning'iniza mizani ya ndoano kwenye kamba na usome kilo: zikifika 6 upinde ukiwa bado haujafika umbali wa mtoto, punguza kidogo kidogo pande zote.

Kukwangua kwa mwisho seremala wengi hutumia kipande cha kioo kilichovunjika. Kinafanya kazi safi, ila ni cha mzazi. Mtoto amalizie kwa msasa, kisha apake mafuta ya alizeti au nta ya nyuki.

Hatua ya 5: Upote

Nenda kwa fundi viatu, ununue uzi wake mnene wa polyesta. Nailoni ya kuvulia samaki inavutika mno. Chukua nyuzi nane, zigawe makundi mawili. Kila kundi lisokote kulia, halafu lipitishe juu ya mwenzake kwenda kushoto. Misokoto miwili inayopingana haifunguki. Upande mmoja weka kitanzi, wa pili fundo la kufungulika. Ufupi wake uwe wa kuacha nafasi kati ya upote na kishikio: ngumi ya mtoto na dole gumba lililosimama, na zaidi kidogo.

Hatua ya 6: Mishale

Tete kavu au mwanzi mwembamba, urefu uzidi umbali wa kuvuta kwa sentimita 7. Manyoya matatu ya kanga au kuku, yote ya bawa la upande mmoja, maana ya kulia na ya kushoto yakichanganyika mshale huyumba. Kichwani hakuna chuma: kipande cha gunzi kilichogandishwa kwa gundi na kufungwa uzi, au mpira wa tyubu. Kabla ya kila mchezo kunja kila wano, yaani fimbo ya mshale, kidogo na usikilize. Likilia, livunje kabisa lisirudi kwenye podo, ule mfuko wa mishale.

Hatua ya 7: Uwanja

Gunia lililoshindiliwa majani makavu ya migomba, nyuma yake tuta la udongo, si ukuta wa jirani. Wote nyuma ya mstari wa anayelenga. Mishale inafuatwa pamoja, pinde zikiwa chini. Hakuna kupiga juu angani. Na upote usivutwe ukaachiwa bila mshale: nguvu yote hubaki kwenye mti, na mti hupasuka.

Maswali ya wanachama

Mama Wawili, Morogoro: Shikamoo mwalimu. Mkole sina, nina mpera na mianzi. Mmoja wangu ana miaka mitano.

Marahaba mama. Mpera unafaa, ila uchague kwa makini kwani matawi yake hupenda kujisokota. Wa miaka mitano mfanyie wa mwanzi, huyo hahitaji kusubiri kukauka kwa muda mrefu. Pasua vipande vitatu, upana wa vidole viwili, ngozi ya nje ibaki mgongoni. Kimoja kirefu, cha pili kifupi kidogo, cha tatu kifupi zaidi, vipandane kama springi za lori na uvifunge kwa uzi kila shubiri. Ukiwa mgumu, ondoa kile kifupi. Kingo za mwanzi hukata, zipige msasa kabla hajashika.

Mkereketwa, Kibwezi: Wangu umetoa ufa nikiukausha. Niutupe?

Inategemea ufa unaelekea wapi. Ukienda na urefu wa mti na haufiki ubavuni, jaza gundi ya mbao, funga uzi juu yake, endelea. Ukikata kwa upana, au ukiona mgongoni kibanzi kinainuka, huo ni wa kuotea moto. Msimpe mtoto hata kwa majaribio. Tena nyinyi Ukambani mna wazee waliolenga tangu utotoni. Mpeleke mtoto na kipande hicho akamwonyeshe mmoja. Atafundishwa kwa dakika chache kuliko nitakavyoandika mimi.

Mswahili wa Muscat: Huku miti ya kukata hakuna, naona mbao za dukani tu. Na joto?

Mbao inawezekana, ndugu yangu. Itazame ubavuni: mistari iende sawa toka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikitokezea ubavuni katikati ya njia, hapo ndipo itakapovunjika. Kwa kuwa mgongo wa mbao ya dukani umekwisha kukatwa na msumeno, bandika kitambaa kigumu cha pamba au kitani mgongo mzima kwa gundi ya mbao, kabla ya kusawazisha. Joto lisikutishe sana, ukavu ndio adui, kwani mti uliokauka kupita kiasi huwa kama biskuti. Usiuache kwenye gari.

Baba Kigugumizi: Mwanangu ni wa mkono wa kushoto. Nibadilishe nini?

Hakuna cha kubadilisha, upinde huu hauna kulia wala kushoto. Cha kuangalia ni jicho. Anyooshe kidole kwenye mlango wa mbali macho yote yakiwa wazi, kisha afumbe moja moja. Jicho ambalo likiwa wazi peke yake kidole hakihami ndilo analolengea, na mkono wa upande huo ndio uvute upote. Wapo watoto wanaoandikia kushoto lakini jicho lao ni la kulia. Ajaribu pande zote mbili, atakuambia mwenyewe.

Mpenda Porini: Uzito ukiongezwa si tunaweza kupata kanga wawili watatu?

Hapana. Tanzania kuwinda kunataka kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori tangu 1977. Upinde wa kilo 6 hata hivyo utamjeruhi tu ndege, akafie mbali. Manyoya ya kanga yapo bure kwa wanaofuga.

Bibi wa Singida: Wajukuu wamemaliza, sasa wanauning'iniza kwa upote kwenye msumari. Ni sawa?

Shikamoo bibi. Wakimaliza kucheza wautoe upote, mti upumzike umenyooka. Ukiachwa umekunjwa siku nzima huzoea kukunjika na nguvu huisha. Waulaze juu ya misumari miwili, mbali na moshi wa jiko, na upote waupake nta unapoanza kutoa manyoya.