Laptopu ya 4K: kabla hujashusha resolusheni

Laptopu za mitumba zenye kioo cha 4K hapa Kariakoo zinapata wateja sana, na mtu akishafika nayo nyumbani lalamiko ni lilelile: maandishi yamekuwa kama punje za ulezi. Anaingia kwenye setingi, anashusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli (vinukta vya picha) zinazochorwa. Maandishi yanakua, lakini yanaingia ukungu. Kesho yake yuko mezani kwangu: "Fundi, hiki kioo kimechoka."

Hakijachoka. Kioo cha inchi 15.6 chenye pikseli 3840 kwa 2160 kina pikseli kama 282 kwa kila inchi. Kile cha kawaida cha 1920 kwa 1080, ukubwa uleule, kina 141. Herufi yenye kimo cha pikseli kumi na mbili ikihamia kwenye 4K inabaki nusu ya kimo chake.

Kwa hiyo resolusheni iache kwanza palipoandikwa "Recommended". Bofya kitufe cha kulia cha mausi kwenye sehemu tupu ya skrini, fungua "Display settings", nenda kwenye "Scale" uweke 200% au 250%. Hapo Windows inaichora herufi upya kwa pikseli nyingi zaidi, inakuwa kubwa na kali. Wateja wengi shida yao huishia hapo, na kwa hilo mimi sitozi mtu.

Ikibaki programu moja ya zamani iliyogoma, bofya kulia ikoni yake, "Properties", "Compatibility", kisha "Change high DPI settings". Weka tiki kwenye kisanduku cha chini cha "Override", uchague "System (Enhanced)". Nyingi hutii. Si zote.

Kushusha resolusheni yenyewe nakubali kwa programu zisizotii, na kwa gemu. 4K ni pikseli 8,294,400 kwa kila picha, 1920 kwa 1080 ni 2,073,600, robo kamili. Kadi ndogo ya michoro inapumua. Ila ukishusha, shusha kwa nusu: 3840 kwa 2160 iwe 1920 kwa 1080, 3840 kwa 2400 iwe 1920 kwa 1200. Kisha angalia "Scale" isibaki 200%, maana vitu vitajaa skrini nzima.

Kwa nini nusu? Dada mmoja mhasibu alikuwa ameweka 2560 kwa 1440, akilalamika macho yanauma. Nikamwomba afungue Excel, tukasogelea jedwali alilolichorea mistari myeusi. Mstari mmoja ulikuwa mweusi safi, mwingine mnene na una kijivu pembeni. Pale kila pikseli moja inatakiwa kujaza moja na nusu, na nusu ya pikseli haipo, basi mashine inachanganya rangi na ya jirani. Kwa nusu kamili, pikseli moja inakalia nne, mbili kwa mbili, bila baki.

Hesabu iko sawa, lakini mashine nyingi huchanganya rangi hata hapo. Dawa yake inaitwa "Integer Scaling", yaani kukuza kila pikseli kwa namba kamili bila kuchanganya rangi. Kwenye michoro ya Intel ya kizazi cha 11 kuja juu (hesabu ya michoro, si ya prosesa), fungua Intel Graphics Command Center utafute "Retro Scaling", ndimo ilimo. NVIDIA wanayo kuanzia GTX 16 na RTX 20. Angalia tu: laptopu nyingi zenye kadi mbili, kioo chake kimeunganishwa kwa Intel, kwa hiyo unaweza kuhangaika ndani ya NVIDIA usiione kabisa. Nenda kwa Intel.

Wa Linux wenye Xorg (programu inayosimamia uchoraji wa skrini), amri ni hii:

xrandr --output eDP-1 --scale 0.5x0.5 --filter nearest

eDP-1 ni jina la kioo cha laptopu; lihakikishe kwa kuandika xrandr peke yake kwanza.

Na wanaoshusha ili chaji idumu: kwenye gemu utaona nafuu, kwa sababu kadi inachora kidogo. Ukiwa unaandika barua tu, usitegemee mengi. Pikseli zote za kioo bado zinawashwa, na taa ya nyuma inakula umeme uleule. Punguza mwanga, na kama kioo ni cha 120Hz (kinabadili picha mara 120 kwa sekunde), kiweke 60.