Namna ya Kuizuru Kilwa Kivinje kwa Miguu

Wageni wengi wanaofika Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, hukimbilia magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na Kivinje huipita hivi hivi. Kwa maoni yangu wanajinyima. Kisiwani utaona magofu ya mji wa kale, lakini Kivinje utaona mji ambao watu wangali wanaanika nguo na kukaanga samaki kando ya kuta za karne ya 19, na asubuhi moja yatosha kuuzunguka, mradi ujue pa kuanzia.

Shuka Nangurukuru, pale njia ya Kilwa Masoko inapoachana na barabara kuu ya Lindi, kisha panda bajaji au bodaboda. Kabla ya kupiga picha yoyote, pitia ofisi ya serikali ya mtaa, uamkie na ueleze shughuli yako, kwa sababu huko ndiko utakakoelekezwa kwa mzee anayeujua mji. Vaa mavazi ya heshima, wala usipange ziara yako ikagongana na sala ya Ijumaa.

Anzia ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Utaona bahari imerudi mbali na vyombo vimelala ubavu juu ya tope. Uchache huo wa maji ndio ulioiponza Kivinje, kwani meli kubwa hazikuweza kusogea, na hatimaye makao ya wilaya yakahamia Kilwa Masoko, kwenye bandari ya kina kirefu. Majahazi ya karne ya 19, hata hivyo, hayakuhitaji kina hicho, na hapa ndipo ilipoishia njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa ikileta pembe za ndovu na, zaidi ya yote, watu. Katika miaka ya 1860 maelfu ya watumwa walipakiwa hapa kila mwaka kupelekwa Zanzibar. Sultani Barghash alipopiga marufuku usafirishaji wao baharini mwaka 1873, wafanyabiashara waliwatembeza pwani kwa pwani kuelekea kaskazini, hadi misafara ya nchi kavu nayo ilipokatazwa mwaka 1876.

Kutoka hapo ingia vichochoroni taratibu. Tafuta ukuta uliobanduka lipu uutazame kwa karibu: utaona mawe ya matumbawe yenye vitundu kama sega la nyuki, yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na juu yake ncha za boriti za mikoko zilizobeba dari. Boma la Wajerumani, linalotazama bahari, litazame kwa nje tu, maana jengo lililochakaa halina adabu kwa mgeni.

Sasa nenda kwenye kumbukumbu mbili ambazo, kwa ushauri wangu, zitazamwe siku moja na kwa mpangilio huu. Ya kwanza ni mnara wa Gustav Krieger na Heinrich Hessel, mawakala wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, waliouawa hapa Septemba 1888. Ukiwa mbele yake, kumbuka kwamba kampuni hiyo ilikuwa imeanza kutawala pwani kwa jina la Sultani mwezi mmoja tu kabla, na kwamba miji mingi ya mwambao iliinuka dhidi yake wakati huo huo.

Ya pili ni Mwembe Kinyonga, mahali pa mwembe ambao Wajerumani waliwanyongea waliowapinga. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani katika nchi ya nyuma ya Kilwa, alikamatwa mwaka 1895 na kunyongwa papa hapa Kivinje pamoja na wenzake. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, wakulima wa milima ya Matumbi, waliochoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, walianzisha Vita vya Majimaji. Leo kinachomwongoza mgeni ni mnara wa kumbukumbu uliojengwa mahali hapo. Kaa hapo kwa muda, umwache mzee wako aongee bila kumkatiza, na daftari ulifungue baadaye. Jambo moja tu la kuzingatia unapoulizia njia: tamka jina kamili, Mwembe Kinyonga, kwa kuwa ukisema Kinyonga peke yake, dereva wa bodaboda atadhani una mgonjwa na kukupeleka moja kwa moja hospitali ya wilaya, inayoitwa kwa jina hilo hilo.