Diski moja, kompyuta tatu: namna ninavyoiandaa kabla ya kuipakia harusi

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi hapa Ngamiani, Tanga. Kompyuta yangu ni ya Windows. Mpiga picha ninayeshirikiana naye anatumia MacBook, na kijana anayenisafishia sauti anatumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Diski moja ya nje ya terabaiti 2 inazunguka kati yetu, na ndani yake mna sura na sauti za wazee ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Diski hiyo naitunza kama hati ya nyumba.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nikinunua diski na kuanza kuijaza hapohapo. Siku moja kaka wa bibi harusi, aliyekuja kutoka Maskati, alinijia na MacBook yake. Alitaka kuongeza picha zake kwenye diski niliyomwandalia mama yake. Faili zangu alizifungua zote, lakini kila alipotaka kubandika zake, hazikuingia. Tukabadilisha waya, tukabadilisha tundu, tukazima na kuwasha. Saa mbili zikapotea, na kesho yake alfajiri alikuwa na safari. Kumbe diski haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa imefomatiwa, yaani imeandaliwa, kwa NTFS, ambao ni mfumo wa faili wa Windows, na macOS, mfumo unaoendesha Mac, husoma NTFS lakini haiandiki humo. Usiku ule tulihamishia kila kitu kwenye MacBook yake, tukaifomati diski upya, tukarudisha. Tulimaliza karibu na adhana ya asubuhi.

Mfumo wa faili ni namna diski inavyopanga na kuorodhesha vilivyomo ndani yake. Windows ina NTFS. Mac zina APFS tangu 2017, na kabla ya hapo HFS+. Linux nyingi zina ext4. Ukichomeka diski ya APFS au ext4 kwenye Windows ya kawaida, haitakuonyesha hata faili moja.

FAT32 inasomwa karibu kila mahali, hata kwenye televisheni za zamani, ila faili moja haiwezi kufika gigabaiti 4. Video yangu ya nikahi ya saa nzima hupita hapo. Kwa hiyo mimi natumia exFAT, ambayo haina kikomo hicho. Microsoft waliitoa 2006, Mac zinaisoma na kuiandika, na Linux inayo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe kwa ukamilifu tangu toleo 5.7 la 2020. Hata kadi za kamera za SDXC, zile zinazozidi gigabaiti 32, hutumia exFAT hiyohiyo.

Kabla ya kufomati, hamisha vyote vilivyomo, kisha fungua faili tatu nne kule ulikozihamishia uone kama zinacheza. Kufomati kunafuta. Kwenye Windows, bofya diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Format", kisha exFAT. Ukubwa wa vipande ("Allocation unit size") uache kama ulivyo. Jina la diski lisizidi herufi 11. Soma herufi ya diski (kama D: au E:) mara mbili kabla ya kubonyeza, hasa kama umechomeka diski mbili kwa pamoja.

Kwenye Mac, fungua Disk Utility, uiambie ionyeshe vifaa vyote, maana bila hivyo utaona kipande tu cha diski. Chagua ile ya juu kabisa, bonyeza "Erase", weka ExFAT, na kwenye "Scheme" weka "GUID Partition Map". Kwenye Ubuntu kuna programu ya Disks inayofanya kazi hiyo, lakini mimi huwa nafomati kwangu na kumpa kijana diski ikiwa tayari.

Sasa udhaifu wake, na hapa nakuomba uwe makini. NTFS na ext4 huweka kumbukumbu ya mabadiliko, ili umeme ukikatika katikati ya kazi diski ijue ilipoishia. exFAT haina kumbukumbu hiyo. Ukichomoa waya wakati inaandika, unaweza kupoteza hata mafaili ambayo hukuyagusa siku hiyo. Kwa hiyo itoe kwanza kwa amri ya kompyuta ("Eject"), subiri uambiwe ni salama, ndipo uchomoe. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Na harusi isikae kwenye diski moja tu: nina ya pili, ya NTFS, haitoki kabatini ila siku ya kunakili.

Majina ya faili nayo yana sheria. Kijana wangu aliwahi kuita faili "Kasida 3:30", ikakataa kuingia kwenye diski mpaka alipoondoa nukta mbili. Epuka pia alama ya kuuliza, nyota na mikwaju (/ na \). Ukiona vifaili vidogo vinavyoanza na "._", vimeachwa na Mac. Havina madhara, ila usimpe mteja ukidhani ndiyo video.

Wateja wengine huuliza kwa nini diski ya terabaiti 2 inaonyesha 1.81 kwenye Windows. Hakuna aliyewapunja. Windows huhesabu kwa 1,024, mtengenezaji na Mac huhesabu kwa 1,000.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili. Windows ikikutana na diski isiyoijua, huweza kusema lazima uifomati kabla ya kuitumia. Binti ninayemfundisha kazi alichomeka diski ya mpiga picha, ya APFS, ujumbe ukatokea, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kipanya. Nilimshika mkono. Mle mlikuwa na harusi mbili ambazo hazijanakiliwa. Bonyeza "Cancel", chomoa, uipeleke kwenye kompyuta ilikotoka. Tangu siku ile kila diski hapa kwangu ina kipande cha plasta mgongoni, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: exFAT, NTFS au MAC.